Jina la Kiebrania: Wayahudi hulichagua namna gani, nasi tujifunze nini?

Hapa Mikelenge, kama kote Kindu, watoto wengi tunaowabariki au kuwabatiza wanabeba majina yaliyotoka katika Kiebrania: Eliya, Ruti, Danieli, Sara. Mara nyingi jina limependwa kwa mlio wake tu. Ni vizuri basi tujue namna Wayahudi wenyewe wanavyompa mtoto jina.

Siku na mahali

Mtoto mwanaume hupewa jina siku ya nane, anapotahiriwa, kufuatana na agano la Mungu na Abrahamu (Mwanzo 17). Ndivyo ilivyokuwa kwa Yohana Mbatizaji na kwa Bwana Yesu (Luka 1:59, 2:21). Jina la mtoto mwanamke kwa kawaida hutangazwa katika sinagogi, Torati inaposomwa.

Jina hilo halisimami peke yake. Hufuatwa na la baba, na siku hizi wengi huongeza la mama: Danieli ben Yosefu ni Danieli mwana wa Yosefu, kwa binti husemwa bat. Kwa jina hilo mtu huitwa mbele ya Torati, huandikwa katika hati ya ndoa na juu ya kaburi. Akiugua, huombewa kwa jina lake pamoja na la mama yake.

Jina la nani?

Waashkenazi, ambao asili yao ni Ulaya, hupenda kumpa mtoto jina la ndugu aliyekwisha kufa, na huepuka la aliye hai. Wasefaradi wengi humwita mtoto kwa jina la babu yake hata kama babu bado anaishi, na huhesabu hiyo kuwa heshima.

Karibu nasi, huko Uganda, kuna Wayahudi waitwao Abayudaya, karibu na mji wa Mbale. Mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, alikuwa Mprotestanti kabla ya kushika dini ya Kiyahudi mwaka 1919. Rabi wao, Gershom Sizomu, aliyewekewa mikono mwaka 2008, ana jina la mwana wa Musa, linalokumbusha ugeni (Kutoka 2:22), pamoja na jina la kwao. Moja halikufukuza lingine.

Sisi pia tuna historia. Mwaka 1972 serikali ya Zaire ilikataza majina ya Kikristo, na watu wakabaki na ya mababu tu. Leo tuna uhuru wa yote mawili. Tusiutumie kudharau majina ya kwetu.

Maana kwanza

Hana maana yake ni neema. Matayo ni zawadi ya Mungu. Baruki ni aliyebarikiwa. Solomono linahusiana na amani. Kwa hiyo mama anayewaita watoto wake Neema, Zawadi, Baraka au Amani amesema kwa Kiswahili jambo lile lile. Watoto hao hawakukosa jina la Biblia.

Tena, kuna majina ya huzuni. Raheli, akifa katika kuzaa, alimwita mtoto Benoni, mwana wa huzuni yangu. Yakobo akamwita Benyamini (Mwanzo 35:18). Katika jimbo letu lililoona vita, tuna watoto waitwao Mateso, Shida, Masumbuko. Hatuwalaumu wazazi: walisema ukweli wa siku ile. Lakini mtoto ataishi baada ya siku ile, na Yakobo, ingawa alikuwa akilia, alimwachia mwanawe jina la kusonga nalo mbele.

Kabla ya kuamua

Tunawaomba wazazi wafanye mambo matatu. Waulize maana ya jina kwa mchungaji au kwa wazee. Waliunganishe na jina la jamaa. Tena wamwandikishe mtoto kwenye hali ya raia ndani ya siku 90, wakichagua mwandiko mmoja, Eliya au Élie, ili shule na serikali zimtambue mtu mmoja.

Siku mtoto atakapouliza, “Kwa nini mliniita hivi?”, awe na wa kumjibu.