Heroe wa Ziwa Natron kwenye filamu

The Crimson Wing ni filamu ya makala ya mwaka 2008, iliyoongozwa na Matthew Aeberhard na Leander Ward. Inafuatilia maisha ya heroe wadogo, ndege ambao wengi tunawaita flamingo, katika Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania.

Afrika Mashariki nzima, hili ndilo ziwa pekee wanakozaliana mara kwa mara. Sababu ni magadi. Maji yake huunguza ngozi na tope halikanyagiki, kwa hiyo fisi na mbweha hawavifikii viota. Kila jozi hujenga kichuguu cha tope na kutaga yai moja tu. Lakini magadi hayohayo huweza kumgandia kifaranga miguuni kama pingu, akashindwa kuwafuata wenzake. Sehemu hiyo inaumiza kuitazama, hasa ukiwa na watoto.

Maji yakijaa, viota huzama. Yakikauka sana, wanyama wawindaji huvuka kwa miguu. Ndiyo maana wahifadhi waliupinga vikali mpango wa kujenga kiwanda cha magadi ziwani hapo, uliokuwa ukijadiliwa miaka ileile filamu ilipotoka.