Mji wa Zanzibari na Njia ya Kwetu

Mgeni akifika Zanzibari huonyeshwa kwanza vichochoro vya Mji Mkongwe, nyumba za mawe na milango mikubwa ya mbao iliyochorwa. Ni vizuri kuviona. Lakini sisi watu wa Kongo tuna sababu nyingine ya kuutembelea mji ule, kwa maana sehemu ya mali yake ya zamani ilitoka kwetu.

Basi, tuanze mtaa wa Shangani. Pale ingali imesimama nyumba ya Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip. Mtu huyu aliingia Maniema na watu wenye bunduki, akatawala Kasongo na nchi za kandokando. Mwaka 1887 akafanywa liwali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, kwa jina la Mfalme Leopold II. Pembe za ndovu za misitu yetu zilibebwa mabegani mwa watu mpaka pwani, safari ya miezi mingi. Vijiji vilichomwa, watu wakatekwa. Yeye alifariki mjini Zanzibari mwaka 1905, naye ni tajiri mwenye mashamba.

Kutoka Shangani twende kwa miguu mpaka Mkunazini. Hapo palikuwa soko la watumwa. Wengi waliouzwa walitoka pande za Ziwa Nyasa. Wengine walitoka mbali zaidi, hata Maniema. Sultani Barghash alilifunga mwaka 1873, akishurutishwa na Waingereza, na mwaka ule ule Waanglikana wakaweka pale jiwe la msingi la kanisa lao. Nje ya kanisa kuna shimo lenye sanamu za watu waliofungwa mnyororo shingoni. Tusimame kimya kidogo. Wala tusidhani kwamba utumwa ulikwisha siku ile: sheria ya kuuondoa Zanzibari ilitoka mwaka 1897 tu.

Tukirudi njiani tutaona minara miwili ya kanisa letu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa miaka ya 1890 na Mapadri wa Roho Mtakatifu. Hao walikuwa wakiwakomboa watumwa kwa fedha na kuwafundisha kazi za mikono.

Mwishoni twende soko la Darajani kununua karafuu. Tukiuliza bei, tutaeleweka. Kwa nini? Kwa sababu njia ile ile ya pembe na minyororo ndiyo iliyotuletea Kiswahili hiki tunachokisoma sasa.

Tippu Tip aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, na kitabu chake kinasomwa hata leo. Wapagazi wake hawakuandika neno. Habari zao zimebaki midomoni mwa wazee wa Kasongo, Nyangwe na Kisangani. Tuwaulize, tuziandike, wangali hai.