Ukuta wa Kalenga



Dominika hii tumesikia tena habari za watu wa Babeli, waliochoma matofali ili wajijengee mnara na kujipatia jina. Kila tunapoisikia habari hiyo, mawazo yetu hukimbilia mataifa ya kale. Leo tusiende mbali. Twende Uhehe, ambako waliopanga mawe ni babu zetu.

Mwezi wa Agosti 1891, Emil von Zelewski, ambaye watu wa pwani walimwita Nyundo, aliingia Uhehe na kikosi cha askari zaidi ya 300. Vijiji alivyovipita alivichoma moto. Aliwadharau Wahehe, kwa kuwa silaha yao kuu ilikuwa mkuki. Tarehe 17, pale Lugalo, walimtokea vichakani huku mizinga yake ikiwa bado migongoni mwa punda. Kwa dakika chache tu Nyundo alikuwa amekufa, pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake.

Wengi wetu hupenda kuishia hapo, maana kiburi cha mgeni kinapoanguka ni kitamu kusimulia. Tukiendelea mbele, simulizi linatugusa sisi wenyewe. Mtwa Mkwawa aliizungushia Kalenga ukuta wa mawe, akautegemea. Lakini nje ya ukuta huo walikuwapo majirani waliokwisha kuonja mkuki wake na wa baba yake Munyigumba. Wasangu walikuwa wamefukuzwa kwao, na Merere wao akakimbilia Utengule, upande wa Mbeya. Wajerumani waliporudi, walimkuta Merere yu tayari kuwa rafiki yao. Mwezi wa Oktoba 1894, Gavana Friedrich von Schele aliishambulia Kalenga kwa mizinga, na ngome ile ikatekwa katika muda wa siku chache.

Je, kumpinga Mjerumani kulikuwa kumpinga Mungu? Walikuwapo waliofundisha hivyo, na lazima tukiri kwamba sauti ya namna hiyo imewahi kusikika hata makanisani mwetu. Mwaka uleule wa Lugalo, wamisionari wa Moravian walianza kazi yao Rungwe. Basi Injili na bunduki zilifika nyanda hizi karibu pamoja, na si ajabu watu walishindwa kuzitenganisha. Sisi tunasema hapana. Kuilinda nchi uliyopewa si dhambi. Kiburi huanza pale mtu, awe mtwa au gavana, anapoamini kwamba juu yake hakuna atakayemwuliza habari za damu ya wadogo. Kwa kipimo hicho Mkwawa ana la kujibu mbele ya Wasangu. Aliyemshinda ana la kujibu zaidi.

Maana tazameni yaliyofuata. Kwa miaka minne Mkwawa aliwindwa porini, na kichwa chake kikatangaziwa zawadi ya rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898, alipozingirwa huko Mlambalasi, alijipiga risasi. Hatumhukumu, saa ile ni siri yake na Muumba wake. Lakini waliomkuta walimkata kichwa, nacho kikachukuliwa. Kumshinda adui aliye hai hakukuwatosha. Walimnyima hata kaburi kamili, kana kwamba maiti nayo ni mali ya serikali, wakati mwili wa marehemu ni wa Mungu peke yake.

Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, ulidai fuvu hilo lirudishwe. Ilipita miaka mingine 35. Mwaka 1954 Gavana Edward Twining alileta kutoka Bremen fuvu lililotambuliwa kuwa la Mkwawa, akalikabidhi pale Kalenga kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu.

Makatekista mnaowapeleka watoto Kalenga mtalikuta fuvu hilo katika jumba dogo la makumbusho. Watoto watauliza nani alishinda. Msiharakishe kuwajibu. Watokeni nao nje kwanza, mkawaonyeshe mabaki machache ya ule ukuta.