Maduka ya Mtoni, ya Mlimani na ya Lami

Umwe ya Rufiji haina mtaa mkongwe wa nyumba za mawe kama Hurumzi ya Unguja, wala milango ya nakshi iliyochongwa mwaka wa ujenzi. Anayetaka kufuata nasaba yake huku hana kibao cha kusoma. Ana wazee, na wazee wa Rufiji hawaanzi na miaka. Huanza na mafuriko, na njaa, na duka. Fulani aliolewa duka la Mhindi wa mtoni likiwa bado wazi. Fulani alizaliwa wakati wa foleni za sukari. Fulani alihamia Dar es Salaam kabla ya daraja. Yapange maduka hayo kwa zamu, lililofunguliwa na lililokufa, utaona ukoo wenyewe unajipanga, maana maduka ya Umwe na jirani zake yamepitia mitaa mitatu, na kila yalipohama nasi tulihama.

Mtaa wa kwanza ulikuwa mto Rufiji. Bidhaa zilipita majini. Majahazi yaliingia deltani kwa Simba Uranga na midomo mingine, yakapakia boriti za mikoko za kwenda Uarabuni na mchele wa kwenda Unguja, yakashusha nguo na vyombo. Kutoka huko madau na mitumbwi ilipandisha mzigo mpaka Utete. Wajerumani waliweka boma lao Mohoro, ambayo leo wengi huiita Muhoro, na hapo ndipo mganga Kinjikitile Ngwale aliponyongwa tarehe 4 Agosti 1905, vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani vikiwa vimeanza siku chache tu kabla. Umatumbini watu walianza kwa kung'oa pamba. Kisha wakashuka pwani, na maduka ya Samanga yakachomwa moto. Mimi sioni ajabu katika mpangilio huo. Shambani mtu alilazimishwa kulima, na dukani ndipo alipoambiwa jasho lake lina thamani gani.

Vita vya Wazungu vikapita, meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ikafia deltani Julai 1915, rupia ikaondoka na shilingi ya Mwingereza ikaingia. Duka likabaki palepale. Enzi hiyo ya Mwingereza ndiyo inayofaa kukaliwa kitako, kwa sababu ndiyo iliyoandika majina ya babu zetu, japo si kwa nia ya kutuachia urithi.

Duka la bonde lilikuwa chumba kimoja chenye baraza, bati juu, na meza ndefu ya mbao iliyomgawa muuzaji na mnunuzi. Nyuma yake marobota ya merikani na kaniki, kanga zimening'inizwa doti kwa doti ili mwanamke azione tangu barazani. Debe la mafuta ya taa lilikuwa na kipimo chake cha bati. Chumvi na sukari vilifungwa katika karatasi iliyokunjwa pembe. Mche wa sabuni ulikatwa vipande kwa waya. Mpunga ulipimwa kwa pishi, na pishi ya kununulia haikuwa lazima iwe sawa na ya kuuzia. Kila mzee analijua hilo, na kila mzee aliendelea kwenda, kwa kuwa Mhindi alikopesha.

Mkopo wenyewe ulikuwa na sheria ya ajabu juu yake. Mwaka 1923, na tena kwa ukali zaidi mwaka 1931, serikali ya Tanganyika ilizuia mfanyabiashara asiye Mwafrika kumdai Mwafrika mahakamani, isipokuwa deni liwe limeandikwa na kuidhinishwa na afisa wa serikali. Walidai wanamlinda mkulima. Kilichotokea madukani ni kwamba mkopo haukukoma, ila ulipoteza mahakama. Mtu wa Umwe akichukua doti mbili za kanga kabla ya mavuno, mwenye duka hakuwa na hakimu wa kumkimbilia. Alichokuwa nacho ni kumjua mdaiwa: baba yake nani, mjomba wake nani, shamba lake liko upande gani wa mto, mkewe katoka kijiji gani, na kama huyu akifa nani atakayeona haya deni likitajwa msibani. Hayo yote yaliingia daftarini, kwa kuwa Saidi walikuwa wengi na Omari ndio usiseme.

Kwa hiyo orodha kamili kupita zote ya wakulima wa bonde la Rufiji wa miaka ya 1930 na 1940 huenda haikuwa ya karani wa kodi. Karani aliandika kichwa kimoja kwa kila mwenye nyumba na akapita. Mwenye duka aliandika ukoo. Na aliandika kwa Kigujarati, ambacho mwenye jina hakuweza kukisoma. Bibi zetu wapo katika vitabu hivyo kwa majina yao wenyewe, kwa sababu nao walikopa, jambo ambalo daftari la kodi halikulijali.

Anayechora mti wa ukoo leo huufikia ukuta huo. Madaftari yaliondoka na wenyewe, au yaliliwa na mchwa, au yalifungia karanga. Kilichobaki ni kumbukumbu ya duka, nayo si haba. Katika mazungumzo ya mirathi ya mashamba ya bondeni, mtu hathibitishi haki yake kwa hati. Husema: shamba letu lilianza penye mwembe, nyuma ya duka la fulani, na baba yangu alikuwa akipeleka pamba hapo. Wazee wakilikubali duka, shamba limekwisha kukubalika nusu.

Mtaa wa kwanza ulimezwa na maji na siasa kwa pamoja. Mto umefurika tangu dunia kuumbwa, na Mrufiji aliishi nao: mpunga wakati wa maji, kilimo cha mlau maji yakirudi, na dungu la miti mirefu la kulalia wakati wa kulinda ndege na nguruwe. Lakini mafuriko ya 1968 yalikuwa makubwa, na serikali ikasema basi. Operesheni Rufiji ikawatoa watu bondeni kuwapeleka juu, vijiji vikapangwa kwa mistari, na Umwe, Ikwiriri na vingine vya upande wa kaskazini vikajaa wageni ambao hawakuwa wageni. Ilikuwa miaka kadhaa kabla ya operesheni za vijiji zilizotikisa nchi nzima. Rufiji ilionja mwanzo. Watu walihama na mashamba hayakuhama, na mpaka leo wengi hushuka bondeni kulima na kupanda juu kulala.

Maduka ya mtoni hayakuwa na wa kumuuzia. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka mmoja nyuma, na biashara ya jumla imeshikwa na serikali. Wenye maduka wengi wakaelekea Dar es Salaam, na kutoka huko watoto wao wakaenda Uingereza na Kanada. Wapo wajukuu wao leo wanaotafuta Utete na Mohoro kwenye ramani kama sisi tunavyotafuta majina ya bibi zetu. Wakikutana na wajukuu wa Umwe, pande zote mbili zitagundua kwamba zinalitafuta daftari lilelile.

Mtaa wa pili, wa mlimani, haukudumu. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi yafungwe, ya ushirika yachukue nafasi. Kulifunga duka la mtu kulihitaji asubuhi moja. Kulijaza la kijiji kulihitaji lori, mafuta na mzigo, na hivyo havikuwepo. Serikali yenyewe ililegeza kamba baadaye, lakini vita vya Kagera vikafuata, na uhaba, na duka la kaya ambako sabuni ilikwenda kwa orodha. Orodha hizo nazo zilikuwa na majina, ila ziliandika idadi ya walaji na siyo nani ni mtoto wa nani. Mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi ulimfanya hata mwenye katoni mbili za sabuni alale macho wazi. Kwa mtafuta nasaba, miaka hiyo ni kiza zaidi ya ile ya Mwingereza. Ni kichekesho kichungu, nami sina namna ya kukipamba.

Biashara ilipofunguliwa tena kuanzia 1984, maduka hayakurudi mtoni wala hayakubaki katikati ya kijiji. Yalikwenda kusimama kando ya barabara ya Kilwa. Wakati huo Ndundu ndiyo ilikuwa mji. Magari yote ya Lindi na Mtwara yalisubiri kivuko cha mto hapo, na wakati wa masika yalisubiri usiku kucha, na anayesubiri hula, hunywa, hununua sigara na betri. Watu wa Umwe na Ikwiriri waliishi kwa kusubiri kwa wengine. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa likafunguliwa, karibu kilomita moja ya zege juu ya Rufiji, na basi halikuwa na sababu ya kusimama Ndundu. Vibanda vikahamia Ikwiriri, ambako sasa mtaa wa tatu upo: maduka ya simu na ya vipuri vya pikipiki, na mafundi seremala wenye vitanda vya mkongo na mninga barazani, mbao zilizotoka misitu kama Ngumburuni.

Katika maduka haya mkopo bado upo. Mwenye duka huandika kwenye daftari la shule, jina na namba ya simu. Jina la baba halimo, kwa kuwa namba inatosha kumpata mtu, mpaka atakapobadilisha laini.

Aprili 2024 maji yalipanda tena, yakaifunika Muhoro na mashamba ya wilaya mbili, Rufiji na Kibiti, na agizo likawa lile la 1968: watu wahamie juu. Wazee wa Umwe waliowahi kuhamishwa wakiwa watoto walikuwa na swali moja kwa ndugu zao wa Muhoro, nalo halikuhusu mahema wala unga. Waliuliza duka la kwanza huko juu limefunguliwa na nani, na kama anakopesha.