Msimulizi Pembeni mwa Pazia

Mwaka 1908 polisi wa Japani walipiga marufuku filamu ya Kifaransa iliyoonyesha umati ukimwangusha Mfalme Louis wa 16. Inasimuliwa kwamba haikuchukua muda ikaibuka tena na jina jipya: Louis kawa jambazi wa mapangoni huko Amerika Kaskazini, na watu wa Paris wamegeuka raia wema wanaowasaidia polisi kumkamata. Picha zilikuwa zile zile. Yaliyobadilika ni maneno ya benshi, msimulizi aliyesimama pembeni mwa pazia.

Wengi hudhani benshi alihitajika kwa kuwa filamu za kigeni hazikueleweka. Hiyo haitoshi, maana hata filamu za Kijapani zilisimuliwa. Katika bunraku, mchezo wa vikaragosi, msimulizi hukaa kando na mpiga shamisen, ala ya nyuzi tatu. Kikaragosi huazimwa sauti. Zamani zaidi, watawa walizunguka na michoro wakiifafanulia hadhira. Sinema ilipoingia mwaka 1896 ilikuta nafasi ya msimulizi ipo tayari.

Basi benshi akawa bwana wa jumba. Filamu za samurai zilipigiwa shamisen na ngoma, mara nyingine pamoja na fidla. Yeye ndiye aliyempa mwendesha mashine ishara apunguze mwendo pale alipotaka kuwaliza watu. Msomaji aliyekulia kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea filamu vya Tanzania, akimsikiliza msimulizi Lufufu, hahitaji kuelezwa mamlaka hayo. Serikali nayo iliyaona: kuanzia 1917, benshi wa Tokyo walitakiwa kuwa na leseni.

Benshi ninayemhusudu mimi ni Tokugawa Musei. Wenzake walijaza kila pengo kwa maneno. Yeye alijua kunyamaza. Ustadi huo ni mgumu kuliko ufasaha wote, maana mwenye sauti ndiye mwepesi wa kuitumia kupita kiasi.

Mwaka 1931 mwongozaji Heinosuke Gosho alitoa filamu ya kwanza ya Kijapani yenye sauti iliyofanikiwa sokoni. Mabenshi waligoma, wakashindwa. Baadhi waliingia kamishibai: msimulizi mwenye baiskeli, kisanduku cha mbao na michoro ya karatasi, akiwauzia watoto peremende kabla ya hadithi. Heigo Kurosawa, mmoja wa viongozi wa mgomo, alijiua mwaka 1933.

Mdogo wake, Akira, aliyekuja kuwa mwongozaji wa filamu, alikuwa amezoea kuongozwa naye katika kuchagua filamu za kutazama. Mwaka 1948, akitengeneza filamu ya Malaika Mlevi, alipata habari za kifo cha baba yao. Akitembea mitaani Shinjuku na huzuni yake, alisikia kipaza sauti kikipiga wimbo mchangamfu, Waltz ya Kekeo, nao ukamzidishia uchungu. Akamwambia mtunzi wake, Fumio Hayasaka, wautumie pale jambazi mgonjwa, aliyeigizwa na Toshiro Mifune, anapopita peke yake sokoni. Hapakuhitajika benshi kumwambia mtazamaji kwamba mtu huyo amekwisha.