Kutoka Bisibisi hadi Kebo: Historia Fupi ya Programu za Uchunguzi katika Urekebishaji wa Mfumo wa Kunyunyizia Mafuta wa Pikipiki za Moto Guzzi

Katika kabureta ya pikipiki mna skrubu ndogo ambayo kila fundi wa bodaboda anaifahamu. Fundi huiwasha injini, huiacha ipate moto, kisha huigeuza skrubu hiyo robo mzunguko kwa bisibisi huku akitega sikio. Mlio ukipanda na kutulia, ameipata. Ukianza kukwama, amepitiliza. Kazi hiyo haihitaji idhini ya kiwanda wala chombo chochote kisichouzwa dukani. Insha hii inafuatilia jinsi skrubu hiyo ilivyoondolewa katika pikipiki za Ulaya, hususani zile za kampuni ya Moto Guzzi ya Italia, na jinsi wamiliki wa pikipiki hizo walivyotafuta njia nyingine ya kufanya kazi ileile kwa kompyuta mpakato, kebo na programu zilizoandikwa na watu wasioajiriwa na kiwanda.

Mara nyingi programu za aina hii huelezwa kuwa zao la tamaa ya mwendo: kijana anataka pikipiki iende kasi zaidi, hivyo anaingilia kumbukumbu ya kompyuta ya injini. Maelezo hayo yana ukweli, nami nitayarejea. Hata hivyo, kwa Moto Guzzi hayatoshelezi. Hoja ya insha hii ni kwamba chanzo kikuu kilikuwa matengenezo ya kawaida, yaani uwezo wa kuifanya injini iungurume vizuri ikiwa imesimama, ambao kiwanda kiliutoa mikononi mwa mmiliki na kuufungia ndani ya chombo cha wakala.

Teknolojia yenyewe haikuanzia kwenye pikipiki. Bosch ya Ujerumani iliingiza mfumo wake wa kielektroniki wa D-Jetronic katika magari ya Volkswagen mwaka 1967. Kwa upande wa pikipiki, Kawasaki ilitoa Z1000-H1 mwaka 1980, na BMW ikafuata kwa K100 mwaka 1983. Ducati 851 ya mwishoni mwa miaka ya 1980 ilitumia mfumo wa Weber-Marelli, ambao ndio utakaotushughulisha hapa. Kwa miaka mingi baada ya hapo kabureta iliendelea kutawala, kwa sababu ilikuwa rahisi kutengeneza na bei yake ilikuwa nafuu.

Kilichovunja utawala huo ni sheria. Agizo la Ulaya namba 97/24/EC liliweka viwango vya kwanza vya pamoja vya moshi wa pikipiki, vinavyojulikana kama Euro 1, vilivyoanza kutumika mwaka 1999. Pikipiki yenye injini ya mipigo minne iliruhusiwa kutoa gramu 13 za monoksidi ya kaboni kwa kila kilomita. Euro 2 ilishusha kiwango hicho hadi gramu 5.5, na Euro 3, iliyoanza kwa miundo mipya mwaka 2006, ikakishusha hadi gramu 2. Ili kufikia viwango hivyo, watengenezaji walipunguza mafuta katika mchanganyiko, hasa katika sehemu ndogo za ufunguzi wa kilango cha hewa, ambako majaribio ya moshi hufanyika zaidi. Petroli huungua kikamilifu pale kilo moja inapokutana na takribani kilo 14.7 za hewa. Injini kubwa yenye silinda mbili inayopozwa kwa hewa, kama ile ya Moto Guzzi, haifurahii kiwango hicho inapokwenda polepole: husitasita, hukohoa kwenye mabomba ya kuingizia hewa, na mwendo wake huyumba hata mkono wa dereva ukiwa umetulia. Dereva aliyenunua pikipiki mpya alikuta ugonjwa ambao ile ya zamani hakuwa nao.

Ili kuelewa kwa nini hakuweza kuutibu mwenyewe, yatupasa kutazama utendaji wa mfumo wa Marelli kwa karibu. Kompyuta za injini za familia hiyo hazikupima moja kwa moja kiasi cha hewa kilichoingia. Zilisoma mambo mawili makuu, yaani pembe ya kilango cha hewa na kasi ya mzunguko wa injini, kisha zikatafuta katika jedwali lililohifadhiwa kwenye kumbukumbu muda ambao nozeli inapaswa kufunguka. Vihisi vya joto na vya shinikizo la hewa vilifanya masahihisho madogo tu. Kazi yote ilifanyika ndani ya muda mfupi mno: injini ya mipigo minne ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda hukamilisha duru yake kwa milisekunde 20, na nozeli hufunguka kwa sehemu tu ya muda huo.

Matokeo ya mpango huu ni kwamba kihisi cha kilango cha hewa, ambacho si kingine ila potenshomita ndogo iliyofungwa kwenye mhimili wa kilango, kilibeba dhamana ya mfumo mzima. Kikisogea kidogo, kompyuta husoma safu isiyo yake katika jedwali, na kosa hilo husambaa hadi katika kila hali ya mwendo. Kwa hiyo mafundi walifundishwa kulegeza nyenzo zote zinazokishikilia kilango, kukiacha kifunge kabisa, kisha kukisogeza kihisi hadi kitoe takribani milivolti 150. Hatua hiyo bado iliwezekana kwa mtu mwenye mita ya umeme na subira. Baada yake ndipo mchanganyiko wa mafuta ulipopangwa, na hapo ndipo historia inapogeuka.

Katika kompyuta aina ya 16M, iliyotumika kwenye Moto Guzzi za miaka ya 1990, palikuwa na tundu dogo lililozibwa kwa kifuniko. Ndani yake mlikuwa na skrubu. Kuigeuza kuliongeza au kupunguza mafuta injini inapounguruma pasipo mzigo, sawasawa na skrubu ya kabureta. Kwa lugha ya fundi, kisanduku kilikuwa kimebadilika lakini mkono ulibaki na kazi yake. Kompyuta ya 15M, iliyofungwa kwenye V11 Sport kuanzia mwaka 1999, haikuwa na tundu hilo. Marekebisho yaleyale sasa yalikuwa namba iliyohifadhiwa ndani, na namba hiyo ilibadilishwa kwa njia moja tu: kuunganisha chombo cha uchunguzi kwenye kiunganishi chenye pini tatu na kuzungumza na kompyuta kwa itifaki yake. Chombo hicho kilikuwa kwa wakala.

Mtafiti anaweza kujiuliza kama tunalikuza jambo dogo. Skrubu moja ina uzito gani katika historia ya kiteknolojia? Jibu limo katika hali ya kampuni yenyewe. Moto Guzzi, iliyoanzishwa mwaka 1921 na yenye kiwanda chake Mandello del Lario kando ya Ziwa Como, ilikuwa ndogo na ilipitia misukosuko ya fedha. Ilinunuliwa na Aprilia mwaka 2000, na Aprilia nayo ikaangukia mikononi mwa Piaggio mwaka 2004. Mawakala wake hawakuwa wengi kama wa kampuni za Japani. Mmiliki aliyeishi mbali na wakala alilazimika kusafiri ili kubadilishiwa namba moja, na akirudi nyumbani akabaini kwamba haikumfaa, hakuwa na la kufanya ila kusafiri tena. Aliyezoea kutengeneza pikipiki yake gerejini kwake aliona kwamba amenyang'anywa kitu.

Njia ya kukirejesha ilipatikana kwa sababu Marelli haikubuni lugha ya siri. Mawasiliano yake yalipita katika waya mmoja, kwa utaratibu uliokwisha kuenea kwenye magari ya Ulaya. Kebo za bei nafuu zilizouzwa kwa wenye magari ya Volkswagen ziliweza kubadilisha ishara hizo ziingie katika tundu la USB la kompyuta. Kilichokosekana ni kipande cha waya cha kuunganisha na ile plagi ya pini tatu, pamoja na programu inayojua la kuuliza. Programu iitwayo GuzziDiag, iliyoandikwa na wapenzi wa pikipiki hizo nchini Ujerumani na kutolewa bila malipo, ilijaza pengo hilo. Ilionyesha pembe ya kilango, joto la injini na la hewa, kasi ya mzunguko na volti za betri. Ilisoma makosa yaliyohifadhiwa na kuyafuta. Zaidi ya yote, iliwezesha kubadilisha ile namba ya mchanganyiko iliyochukua nafasi ya skrubu.

Ushahidi wenye nguvu zaidi kwa hoja yangu umo katika muundo wa kazi hiyo. Uchunguzi ulitengwa na uandishi. Aliyetaka kusoma au kuandika upya jedwali zima la mafuta alitumia programu nyingine, tofauti kwa 15M na kwa 5AM iliyofuata katika miundo kama Breva 1100. Mtu angeweza kuitumia GuzziDiag kwa miaka bila kugusa jedwali hata mara moja. Utengano huo ulikuwa pia wa busara, kwa maana betri ikizima au kebo ikichomoka katikati ya uandishi, pikipiki huenda isiwake tena, ilhali kusoma namba hakuhatarishi chochote.

Hata hivyo, mfano huu haupaswi kupanuliwa kupita kiasi. TuneECU, iliyopata umaarufu kwa wenye Triumph na KTM, iliunganisha uchunguzi na uandishi wa jedwali katika programu moja, na wengi waliikimbilia baada ya kufunga ekzosi ya wazi. Vivyo hivyo Power Commander ya kampuni ya Dynojet ya Marekani, kisanduku kinachokaa kati ya kompyuta na nozeli na kurefusha au kufupisha muda wa kufunguka, hakikuwa chombo cha uchunguzi hata kidogo. Hapo tamaa ya mwendo ilikuwepo bila kificho.

Sheria za Marekani zilizitambua pande zote mbili za jambo hili, tena ndani ya miezi kumi tu. Oktoba 2015, Maktaba ya Bunge ilitoa msamaha katika sheria ya hakimiliki, ukimruhusu mmiliki wa chombo cha ardhini chenye injini kuvuka vizuizi vya programu kwa ajili ya uchunguzi, ukarabati na marekebisho halali, bila kumpa ruhusa ya kukiuka sheria za hewa safi. Agosti 2016, Harley-Davidson ilikubali kulipa faini ya dola milioni 12, baada ya serikali kudai kwamba vifaa vya kurekebishia injini vipatavyo 340,000, vilivyouzwa tangu 2008, viliongeza uchafuzi wa hewa. Aliyeshtakiwa ni kiwanda, wala si fundi wa gereji ya nyumbani. Kwa maoni yangu, wanaozitetea programu huru hupenda kuutaja uamuzi wa 2015 na kuunyamazia wa 2016, na uandishi wa historia haupaswi kuwafuata katika hilo. Kuongeza mafuta ili injini isikohoe ni kuongeza pia monoksidi ya kaboni, hata anayefanya hivyo akiwa na nia njema.

Limebaki suala la vyanzo. Bisibisi haikuacha kumbukumbu: fundi akishageuza skrubu, hali iliyokuwepo awali hutoweka. Kebo imeacha kumbukumbu nyingi. Desturi ya watumiaji makini imekuwa kusoma kwanza jedwali la kiwanda na kulihifadhi kama faili kabla ya kubadilisha chochote, ili wawe na pa kurudia mambo yakiharibika. Faili hizo, zilizohifadhiwa kwa hofu ya kuharibu pikipiki, zinamwezesha mtafiti kuona, safu kwa safu, kiasi cha mafuta ambacho wahandisi walikipanga kwa kila pembe ya kilango na kila kasi ya injini. Nyingi zingali katika kompyuta za watu binafsi, pasipo tarehe wala maelezo ya pikipiki zilikotoka.