Kuna nini huko? Jinsi Wakenya walivyoanza kuulizana habari mtandaoni

Jioni ya Desemba 30, 2007, Mwai Kibaki alitangazwa mshindi wa uchaguzi wa urais uliopingwa vikali na kuapishwa muda mfupi baadaye. Serikali ya Kenya ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Kisumu, Eldoret na mitaa ya mabanda ya Nairobi ilikuwa inawaka moto. Aliyetaka kujua kama njia ya kwenda kwao inapitika, au kama ndugu zake wa Bonde la Ufa wako hai, alibaki na simu yake ya mkononi.

Mwanasheria Ory Okolloh, aliyekuwa akiandika blogu ya siasa, alianza kuchapisha taarifa alizoletewa na wasomaji, hadi zikamwelemea. Mapema Januari 2008 akaomba mafundi wa kompyuta wamsaidie kuunda ramani ya kuonyesha ghasia zinatokea wapi. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakaitikia, na kwa siku chache tu Ushahidi ikazaliwa. Wananchi walituma walichokiona, nacho kikawekwa kwenye ramani. Waliojitolea walijitahidi kulinganisha taarifa hizo na za vyombo vya habari na mashirika ya misaada, kwa kuwa uvumi nao ulikuwa unaua. Watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha katika ghasia hizo.

Miaka miwili baadaye ramani hiyo ya Nairobi ilivuka bahari. Tetemeko lilipoipiga Haiti Januari 12, 2010, waathirika walituma ujumbe wa simu kwa nambari 4636, Wahaiti walioko ughaibuni wakautafsiri kutoka Krioli, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, wakauweka kwenye ramani ya Ushahidi.

Nyumbani Kenya, mtandao wa Twitter ulikuwa umeanza kushika kasi. Mfano uliopendeza kuliko yote haukutoka mjini. Francis Kariuki, chifu wa Lanet Umoja karibu na Nakuru, aliutumia kama mbiu ya mgambo. Mapema 2012 alipigiwa simu saa kumi alfajiri kwamba wezi wamevamia nyumba ya mwalimu. Akaandika mtandaoni, na baada ya dakika chache wanakijiji walikuwa wamejaa nje ya nyumba hiyo. Wezi wakatimua mbio. Hata kondoo aliyepotea alitafutwa kwa njia hiyo, kwa Kiswahili, na wasio na simu za kisasa walipokea maneno ya chifu kama ujumbe mfupi wa kawaida. Watu waliitika kwa sababu walimjua anayewaita.

Shambulio la Westgate jijini Nairobi lilionyesha upande wa pili wa mitandao hiyo. Magaidi walipovamia jengo hilo la maduka Septemba 21, 2013, Twitter ikawa mahali pa kwanza pa kuulizia jamaa. Lakini al-Shabaab, kundi lililofanya shambulio hilo, nao walikuwa humo humo, wakijitapa. Akaunti yao ilipofungwa wakafungua nyingine. Usiku wa Septemba 23 Wizara ya Usalama wa Ndani iliandika kwamba majeshi yamelidhibiti jengo. Kesho yake risasi zilikuwa bado zinalia. Watu 67 waliuawa katika shambulio hilo, na familia zilizokuwa zikisubiri kwa siku hizo nne zilistahili taarifa za kuaminika kutoka kwa serikali yao.

Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga Muswada wa Fedha, X, jina jipya la Twitter, na TikTok ziliwaeleza barabara ipi imefungwa na mabomu ya machozi yanarushwa wapi. Juni 25, siku waandamanaji walipoingia Bungeni, intaneti ilivurugika nchini. Miongoni mwa ujumbe uliosambazwa sana siku hizo ni orodha za mawakili na wahudumu wa afya waliojitolea, kila mmoja na nambari yake ya simu, ili aliyekamatwa au kujeruhiwa ajue amtafute nani.